Mwenye Sahihi Hupanda Kwanza

Dada zangu wajane wa Nyamache, nawashukuru kwa kunisimamisha mbele yenu. Baadhi yenu mliwabeba watoto wangu mgongoni, kwa hiyo hadithi hii mnaijua nusu. Nimewaletea nusu ya pili.

Mimi ni mhandisi wa ndege. Nasema hivyo kwa fahari, kwa kuwa niliingia kidato cha kwanza Jumatatu, tarehe 8 Januari 2007, nikiwa na miaka ishirini na mmoja na tayari mke wa mtu. Wasichana wa darasa walinipokea kwa kicheko: "Mama, kikao cha wazazi ni wiki ijayo."

Nikawajibu, "Basi nitakingoja papa hapa."

Karo alilipa mume wangu, aliyekuwa akipakia ndizi kwenye malori pale Keroka. Jioni alipenda nimsomee fizikia. Hakuelewa neno, lakini alisema sauti yangu ikisoma humpumzisha mgongo. Ningeruhusiwa kurudia kitu kimoja maishani, ningerudia jioni zile.

Alifariki tarehe 9 Mei 2014, nikiwa chuo kikuu, mapacha wetu wakiwa na miaka mitatu. Mama mkwe, mjane kama mimi, aliwachukua watoto akaniamuru nirudi nikamalize. Nilimaliza. Nikapata kazi katika karakana ya ndege jijini Nairobi, na baada ya miaka kadhaa nikapewa leseni ya kutia sahihi kwamba ndege iliyotengenezwa inafaa kuruka.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka, na wala sikuwa nimeondoka ardhini.

Karakana yetu ina desturi: ndege ikifanyiwa matengenezo makubwa, aliyeitilia sahihi hupanda safari ya kwanza ya majaribio. Tarehe 17 Machi 2022 zamu ikawa yangu. Nilifika kwenye ngazi, mguu ukakataa. Sikuona kosa katika kazi yangu. Niliona mapacha waliokwisha kumzika mzazi mmoja.

Fundi mmoja akacheka, "Mama Mapacha, kumbe ndege hizi unatutengenezea sisi?"

Mkubwa wetu hakucheka. "Asiyepanda hatii sahihi," alisema. Akanipeleka stoo kugawa vipuri, akanipa hadi mwisho wa Aprili nichague: kupanda, au kubaki huko huko.

Pasaka nilikuja nyumbani nikiwa nimekusudia kuacha kazi kabisa. Nilimweleza mama mkwe jikoni. Alikuwa akimimina uji wa wimbi, na kabla ya kunikabidhi kibuyu alionja yeye kwanza, kama desturi yetu inavyomtaka anayempa mwenzake kinywaji, ili kumwondolea shaka.

"Mokamwana," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi mke wa mwanawe, "siku ulipoletwa hapa bibi arusi, nilikuonjea?"

"Ndiyo, mama."

"Na leo umeanza kuota mvi, bado nakuonjea. Hao abiria wako, nani huwaonjea?"

"Mama, mimi nina watoto."

"Wao wamezaa mawe?"

Nilikipokea kibuyu. Akaendelea kwa upole, "Usipande ukiwa na wasiwasi wa nyumba. Hawa wawili ni wajukuu wangu, nitakuwa nao hata iweje. Wewe onja ulichopika."

Tarehe 28 Aprili 2022 nilipanda. Nilishikilia mkanda wa kiti mpaka tulipoyapita mawingu. Kisha nikajikuta nasikiliza injini kama mhandisi, si kama mjane, na zote mbili zilikuwa zinanguruma sawa. Tuliposhuka nilimpigia simu mama mkwe.

"Tumefika salama, mama."

"Nilijua. Ungekuwa umeitengeneza vibaya, usingepanda."

Tulimzika mwaka jana, tarehe 6 Novemba, na kikao hiki bila kikohozi chake nakiona kipana mno. Shukrani yangu ya kwanza ni yake. Nawashukuru ninyi mliowapeleka mapacha shule siku alizougua, na yule mkubwa wangu aliyekataa kunihurumia. Mungu awakumbuke.

Somo langu ni hili: mjane ana haki ya kuogopa kwa ajili ya watoto wake, lakini hofu hiyo isimfanye awape watoto wa wengine kile ambacho yeye mwenyewe hathubutu kukitumia. Jumatatu kuna ndege inayongoja sahihi yangu. Kiti changu ni kile cha nyuma ya rubani.