Aliyetanguliza Basi Kabla ya Watu

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, nyuma ya gereji ya mabasi, mtoto wa pili wa kondakta na fundi cherehani. Mama alisema mtoto huyo halali mpaka injini zingurume.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo jirani, kisha chuo, akahitimu upangaji wa usafiri mwaka 1984. Tuseme ukweli, darasani hakuwa wa kwanza. Lakini alikuwa mbishi, na ubishi ukaja kumfaa.

Tarehe 14 Julai 1990 alifunga ndoa na muuguzi, mwanamke mvumilivu aliyezoea kusema, “Wenzangu wameolewa na wanaume, mimi nimeolewa na ratiba.”

Mwaka 2009, ofisi ya usafiri alikofanya kazi ilimkabidhi kupanga usafiri wa mtaa mpya wa nyumba kule mlimani. Wakubwa walitaka basi lianze watu wakishajaa. Akagoma. “Mtu akishanunua gari, humpati tena.” Basi likaanza nyumba nyingi hazijapauliwa. Likapanda tupu, likashuka tupu, naye akabatizwa Bwana Basi Tupu. Ofisini wakamwambia wazi: viti visipojaa kabla ya mwaka kwisha, basi litaondolewa, na treni nyepesi iliyopangwa kulifuata isahaulike.

Dada yake akaingiwa na huruma. Akakusanya shangazi, wifi na majirani, wakapanda na vikapu kama wakazi wa huko. Njiani akaingia marehemu, aliyekuwa akihesabu abiria mwenyewe.

“Shangazi, unakwenda wapi?”

“Nyumbani.”

“Tangu lini unakaa huku?”

“Nahamia polepole, baba!”

Basi zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka.

“Shukeni, jamani. Nikiwahesabu ninyi, nitapanga treni ya watu wasiokuwapo.”

“Kichwa kigumu wewe!” dada yake akamjibu, na hakumsemesha wiki nzima.

Kesho yake marehemu akasimama nje ya ofisi ya kugawa nyumba za mlimani. Kila familia iliyotoka na funguo, aliipandisha basi mwenyewe, akawabebea ndoo na watoto, akawaonyesha kituo kilicho karibu na mlango wao. Mwaka ulipokwisha, viti vilikuwa vimejaa wakazi wenyewe hasa. Treni ikafika mlimani 2014.

Figo zilianza kumsumbua 2021. Hospitali alikwenda kwa treni hiyohiyo. Gari la mkwe wake alilikataa katakata. Siku moja mama mmoja alimpisha kiti huku akifoka: “Kaa, mzee. Watu tumebanana hivi, sijui aliyeipanga alifikiri tuko wangapi!” Marehemu alirudi nyumbani anacheka, akamwambia mkewe, “Leo nimetukanwa vizuri.” Jioni hiyo akawapigia vijana wa ofisini: waongeze mabehewa. Yameongezwa Januari hii, naye aliyapanda.

Alifariki tarehe 3 Februari 2024, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, binti, mwana, wajukuu watatu, na dada yake aliyeandika haya. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani, kaka yetu mbishi.