Masufuria Kumi, na Mengine Kumi

Benchi la kahawa mkabala na kiwanda cha masufuria ya presha halijawahi kukosa wajuaji. Mchana ule Kipimo, mpimaji wa kiwanda, alikaa na fomu mapajani. Asubuhi alipima masufuria kumi, matatu yakarusha vifuniko. Bosi akamwambia, "Pima mengine kumi." Akapima, yakatoka mazima yote. Sasa anatakiwa asaini kwamba mzigo ni salama, lori liondoke saa nane. Roho ikamsuta, naye akafanya kosa la kuomba ushauri kijiweni.

— Saini, — alisema Asilimia, karani mstaafu. — Kumi kwa kumi. Mia kwa mia!

— Ni kumi na saba kwa ishirini, mzee wangu.

— Yale ya kwanza yalikuwa mazoezi, — alidakia Kocha, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku. — Nani anahesabu mabao ya mazoezini?

— Kifuniko kimegonga dari, Kocha!

— Basi sufuria lina nguvu! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

— Methali hiyo inaingiaje hapa?

— Imeshaingia.

— Waandike tu kwenye boksi, — alisema Asilimia, — kwamba mpishi akae chumba cha pili.

— Wauze na helmeti! — Kocha alipiga paja. — Moja ya mama, moja ya mgeni.

Kipimo alihisi kichwa kinataka kupasuka. Ama kweli, kuishi na watu kazi!

— Mke wangu anapika na mtoto mgongoni! — alifoka.

— Si yuko mgongoni? — alisema Kocha. — Angekuwa mbele, hapo sawa, ungelalamika.

Dada mmoja fundi cherehani, mgeni pale kijiweni, alikuwa akisubiri kahawa yake ipoe. Akageuka.

— Samahani, kaka. Yale matatu yaliyorusha vifuniko, yako wapi sasa?

Asilimia akamtazama Kocha. Kocha akatazama kahawa.

Kipimo akaikumbuka meza ya kupimia. Aliyaacha mezani alipokwenda kuchukua yale kumi mengine. Aliporudi, meza ilikuwa tupu, imefutwa vizuri. Hata hakuuliza, kwa sababu kiwandani kwao kinachotoka mezani hurudishwa kwenye maboksi ya mzigo. Ndiyo kawaida yao. Na yale matatu hayakuwa na hata mkwaruzo.

Ng'ambo ya barabara, lori likawasha injini kabla ya saa nane.

— Nishikie kikombe, dada!

Akavuka mbio, fomu mkononi, akimpigia mlinzi kelele asifungue. Geti lilikuwa limeshafunguliwa nusu.