Maharagi Juu ya Hema

Hapa kambini Kashuga, benchi letu ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, mbele ya Mama Kanyere anayeuza kahawa na kuchaji simu za watu kwa paneli ya jua. Sisi wa benchi ni wakulima tuliokimbia vita, na sisi ndio wakubwa wa grupe ya WhatsApp iitwayo Wakulima Hodari. Mashamba tumeyaacha Kalembe. Hapa kila mtu ana gunia moja la udongo mbele ya hema, lakini tunalipiga foto tukiwa tumelala kifudifudi, kwa karibu sana, hadi wenzetu wa grupe walioko Shasha wanadhani tuna hekta nzima. Mimi wananiita Professa Sombe, na sombe yangu, hayo majani ya muhogo, haitoshi sahani moja.

Siku hiyo shida ilikuwa ya Edmond, tunayemwita Agronome, bwana shamba wetu. Kwenye gunia lake aliweka maharagi ya kutambaa, mbegu ya mwisho aliyotoka nayo Kalembe. Miti ya kuyaegemeza iliishia jikoni, basi maharagi yakashika kamba za hema yakapanda hadi juu. Sasa kamba zimelegea na mvua inaingia ndani. Akitaka kuzikaza, itabidi ayakate kabla hayajakomaa. Alikuwa ametuma foto kwenye grupe kuomba shauri.

— Ba Shasha banasema nini? nikauliza.

— Banasema bravo. Banafikiri ni teknike ya kisasa.

— Lakini ni teknike! akadakia Jean-Bosco, tunayemwita Rezo, yaani mtandao, kwa sababu kwake kila jambo linatoka hewani. Agronome, usiguse kamba hata moja. Kambi muzima ipande hivi. Drone ya vita ikipita kule juu, itaona pori tu, itarudia kwao.

— Na nyoka je? akauliza Mama Kanyere.

— Nyoka atalinda mlango, Mama.

Mimi nami sikutaka kubaki nyuma.

— Faida kubwa ni mavuno, nikasema kwa sauti yangu ya uprofesa. Batoto ba Agronome batavuna bila kuamuka. Bananyoosha mukono tu, chakula iko juu ya kichwa!

Tukacheka hadi kahawa ikamwagika. Edmond akachukua simu, akarekodi sauti: «Bandugu ba Shasha, siri njo hii: kamba, muziache zilegee.»

Kando yetu alikuwa amesimama Mama Rosalie, aliyefika asubuhi hiyo kutoka upande wa Walikale, kifurushi bado mgongoni, akingoja kikombe chake. Aliomba kuona foto. Akaitazama sana.

— Iko mazuri, Papa. Na usiku mvula ikinyesha, batoto banalalaka wapi?

Rezo akafungua mdomo, mtandao ukapotea. Mimi nikachungulia kikombe changu. Niliona haya kweli, maana watoto wale nilikuwa nimetoka kuwafanya kichekesho.

Edmond akachukua tena simu.

Akafuta ile sauti. Akasimama.

— Nani iko na kisu?

Sote tukapapasa mifuko yetu. Ndani mlikuwa na simu tu. Mama Rosalie akashusha kifurushi chake, akakifungua, akampa kisu.