Historia ya Marehemu Kasiani Stefano Kobelo, Mshona Ala za Bastola

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu, majirani na watani wetu mliopanda mlima huu kwenye utelezi, ukoo umenipa mimi, mpwa wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitasoma taratibu, kwa kuwa kabla ya kumaliza nina jambo la kusema kwa niaba ya familia, jambo lililotushinda tangu juzi, nalo linamhusu mke wa marehemu, Mama Shukuru, aliyefika kutoka Turiani akakaa nje kwenye benchi la wageni, huku mkeka wa mjane ndani ya nyumba ukiwa hauna mtu.

Mjomba Kasiani alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 hapa Langali, Mgeta, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Stefano Kobelo, akitanguliwa na dada yake, Bi. Perpetua, ambaye ndiye mama yangu mzazi. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akalima maharage na wazazi wake, na mwaka 1976 akashuka Morogoro Mjini, akaajiriwa katika kiwanda cha bidhaa za ngozi, akijifunza kwanza mikanda, halafu mabegi, na mwishowe ala za bastola, yaani mifuko ya ngozi inayovaliwa kiunoni. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1994, wenzake wengi waligeukia viatu, yeye akaendelea na ala, akishonea chumbani kwake Mji Mpya.

Kwa wasioijua kazi hiyo, mjomba hakutaka bastola ya mtu ilale kwake, kwa hiyo aliipima mbele ya mwenyewe, akachonga mfano wake kwa mti wa mninga, akakata ngozi na kuishona kwa uzi wa nta, akailowesha, akausukuma ule mti ndani, akaikandamiza kwa mpini wa kijiko mpaka umbo lote lijitokeze, kisha akaiacha kivulini ikauke kwa muda inaoutaka yenyewe. Bastola hizo za mti alizipanga dirishani, na wazazi wa mtaa ule wakawakataza watoto wao kupita pale, hata watu wazima waliomsalimia walimsalimia kutoka barabarani, naye hakuwahi kumkasirikia yeyote, alisema tu kwamba mtu ana haki ya kuogopa kitu kinachofanana na kinachoua.

Tarehe 11 Oktoba 1986 alifunga ndoa takatifu na Hosiana, binti wa mfanyakazi wa kiwanda cha sukari, ndoa iliyofungwa Turiani, na mwaka 1989 Mungu akawajalia mtoto wao wa pekee, Shukuru, ambaye leo ni muuguzi Mbeya. Tuliokwenda kwao likizo tunakumbuka nyumba yenye kicheko, Mama Shukuru akiziita zile bastola za dirishani wapangaji wasiokula, na akiapa kwamba siku moja atazipikia ugali aone kama zitakataa.

Aprili 2012, katikati ya masika, Abel, kaka yake Mama Shukuru, mfanyabiashara wa mpunga pale Dumila, mwenye bastola aliyoimiliki kihalali, aliagiza ala, na alikuwa na haraka ya safari. Mawingu ya Uluguru yalikuwa yameulalia mji, ngozi ilikataa kukauka, na mtu hamwambii shemeji yake asubiri kama anavyomwambia mteja, hivyo mjomba akaiweka ala ile karibu na jiko la mkaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze kazi. Ilikauka, ikapendeza, Abel akaivaa akaondoka. Ngozi iliyoharakishwa kwa moto hujikaza baadaye, na tarehe 27 Aprili majambazi walipolisimamisha lori lake njiani, bastola haikutoka, na Abel akauawa.

Wapo waliosema fundi ndiye aliyemuua, wapo waliosema kwamba bastola ingetoka wangekufa na wengine waliokuwemo kwenye lori, na mimi nimeyafikiri yote mawili kwa miaka mingi. Mama Shukuru alikwenda Turiani kumzika kaka yake na hakurudi. Hakumtukana mumewe, hakudai talaka, alimwambia binti yao tu kwamba hawezi kulala ndani ya harufu ya ngozi. Mjomba alipoletewa habari hiyo alihamishia kazi kwenye kibanda cha nyuma, akapaka nyumba chokaa, na kila mwaka masika yakiisha aliipaka tena, akafungua madirisha, akakaa kizingitini.

Aliendelea kushona peke yake, akiwaambia wateja wa masika warudi mvua ikikatika. Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na moyo, tarehe 3 Februari 2025 alilazwa hospitali mjini, na Jumanne tarehe 18 Machi, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Jana mchana mtani wetu Tomasi alijifunga ala ya marehemu, akachomeka muhindi wa kuchoma, akawaamuru wafiwa wanyooshe mikono, na tulicheka kama desturi inavyotaka, mpaka alipousogelea ule mkeka mtupu na kuuliza, "Mjane wenu yuko wapi, au mmemuuza?" Baadhi yetu tuliona aliyeondoka miaka kumi na mitatu hawezi kukalia mkeka, na wengine waliogopa kumwita ndani, asije akaona tunamlazimisha.

Ndipo mama yangu alipotueleza kwamba siku mbili kabla ya kifo alimuuliza mdogo wake huyu amwitie nani, naye akajibu, "Mwite mke wangu. Asipokuja msimlaumu."

Kwa neno hilo familia imekubaliana. Mama Shukuru, mkeka ni wako, na udongo wa kwanza kaburini ni wako, na kama utaona heri ubaki pale ulipo, hakuna wa kukuuliza. Waombolezaji, naomba mwache njia kati ya benchi na mlango.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi viatu wa sokoni, wenzake wa zamani wa kiwandani, waliokesha naye kwa zamu, majirani wa Mji Mpya, ambao wengi wenu mliingia katika nyumba yake kule mjini kwa mara ya kwanza alipofariki, na watani wetu kwa kuuliza lililotushinda.

Pumzika kwa amani, mjomba. Amekuja.