Taa Zisizokimbizana: Maisha ya Sixte Ntirandekura, 1958–1998

Wasifu huu umeandikwa na Ernestine, mdogo wa marehemu, na unasomwa leo Alhamisi, tarehe 11 Juni 1998, hapa Katumba. Mama yao, Bi. Vénérande, aliomba mambo mawili: usiwe mrefu, na usimsifu marehemu kwa yale ambayo hakuyafanya. Hilo la kwanza limeshindikana kidogo, atusamehe.

Marehemu Sixte Ntirandekura alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Bururi, nchini Burundi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Melkiadi na Bi. Vénérande. Wawili waliomtangulia walifariki wakiwa wachanga, ndiyo maana akapewa jina hilo, ambalo kwa Kirundi ni kama kusema "bado haijaniachia". Mama alikuwa anaisema huzuni. Huzuni ilisikia, ikakaa.

Alisoma shule ya msingi ya misheni, akafaulu, na mwaka 1971 akaanza sekondari, ambako masomo yote yalifundishwa kwa Kifaransa. Hakumaliza hata mwaka mmoja. Mwezi Mei 1972 Mzee Melkiadi aliuawa, na jioni ileile Bi. Vénérande akatoka na watoto wake wawili. Walipogeuka nyuma waliona mienge ikishuka kilimani kwa mstari, ikizimika huku na kuwaka kule kadiri ilivyopita nyuma ya migomba. Ernestine alikuwa na miaka minne, mgongoni, hakuona kitu. Sixte aliona, ila maisha yake yote alisema amesahau. Mama hakuwahi kusema hivyo.

Walifika Tanzania, katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, mwaka 1973. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao jembe walipewa siku ya kwanza. Sixte alilima mahindi na tumbaku, na jua likishuka alikuwa anafungua redio za watu na kuzifunga tena. Nyingine ziliimba baadaye, nyingine hazikuimba, na hakumficha mtu. Mwaka 1986, kwa kibali cha kutoka makazini alichokitunza mfukoni mwa shati mpaka kikafanana na kitambaa, alipata kazi ya ufundi katika ukumbi wa parokia, Majengo, mjini Mpanda.

Hapo ndipo alipomwona Imakulata, binti wa Mzee Ponsian wa Majimoto, aliyekuwa akishona mavazi ya kwaya. Alipokwenda kuposa, Mzee Ponsian alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Wewe si mkimbizi wewe? Siku ukikimbia tena, binti yangu unamwacha kwa nani?"

"Mzee, nimeshachoka kukimbia," Sixte alijibu. "Hapa nimefika kukaa."

Mzee alicheka sana, akasema kijana mwenye jibu kama hilo hawezi kunyimwa mke. Ndoa ilifungwa Jumamosi, tarehe 11 Julai 1987. Mungu aliwajalia watoto wawili, Patrick na Scolastica.

Mwaka 1991 wafadhili wa parokia walileta mashine ya kuendeshea taa za jukwaani, yenye vitufe vingi kuliko kinanda, pamoja na taa kumi na mbili. Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa kwa Kifaransa kitupu. Padre Osward aliuliza kanisani nani anakijua Kifaransa. Sixte akanyoosha mkono wenye mwaka mmoja usiokamilika wa sekondari, na kazi ikawa yake.

Alikisoma kitabu kile kwa kidole, mstari kwa mstari. Kulikuwa na ukurasa alioupenda kuliko yote, unaoeleza jinsi ya kuzipanga taa ziwake moja baada ya nyingine. Unaipa mashine hatua ya kwanza, kwamba taa fulani iwake, unabonyeza, nayo inakumbuka. Unaipa hatua ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho, kisha unachagua mwendo, na mwanga unaanza kutembea ukutani wenyewe. Vijana wa Majengo waliziita taa za kukimbizana. Kitabu kilitumia neno chenillard, na Sixte alijua kwamba neno hilo linatokana na kiwavi. Kiwavi kimeingiaje kwenye umeme hakuelewa, akaliruka neno akaendelea.

Ni vizuri kusema kosa lake, maana yeye mwenyewe hakulificha. Tarehe 28 Desemba 1993 parokia iliigiza Herode anavyowasaka watoto na Familia Takatifu inavyokimbilia Misri. Ilikuwa saa kumi jioni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Habari za mauaji mapya ya Burundi zilikuwa hazijapoa midomoni mwa watu, na watu wa Katumba walijaa ukumbini, Mama Vénérande akiwa benchi la mbele kwa sababu ni mama wa fundi. Kwa ajili ya askari wa Herode, Sixte alizivisha taa zote kumi na mbili karatasi nyekundu, akaipa mashine hatua kumi na mbili, moja ikizimika nyingine iwake, akasukuma mwendo mpaka mwisho. Vijana walipiga miluzi kwa furaha.

Mama alisimama. "Baraje!" alipiga kelele kwa Kirundi, yaani wamekuja, akamnyakua mtoto wa jirani aliyekaa karibu naye, akatoka mbio. Walimpata kwenye barabara ya Katumba, peku, mtoto akiwa mgongoni. Sixte alikuwa amezibeba ndala za mama. Mama alimtazama.

"Sixte wangu, nilikutoa mikononi mwa watu wale. Leo umewaleta wewe mwenyewe?"

Alipiga magoti, akamvisha mama ndala. Tangu siku hiyo Mama Vénérande hakukanyaga ukumbi ule, na kilichobaki cha maisha ya Sixte kilikuwa na haja moja tu, kwamba mama yake aingie tena, akae, na asiogope.

Februari 1994 alikuwa shambani kwa mama, wakiokota viwavi kwenye tumbaku, naye akasimama na kiwavi kimoja kiganjani mpaka Ernestine akamgombeza kwa uvivu. "Tazama," alisema. "Huyu hakimbizi wala hakimbizwi. Mguu mmoja hauachii mpaka mwingine umeshika." Kesho yake alirudi Majengo kabla ya siku aliyoandikiwa kwenye ruhusa ya kazi, akaanza upya. Taa ya kwanza inawaka. Halafu ya kwanza na ya pili pamoja. Halafu ya pili peke yake. Halafu ya pili na ya tatu. Hatua zikawa ishirini na nne badala ya kumi na mbili, karatasi nyekundu akazichana, na mwendo akauteremsha mpaka ukawa kama wa mtu anayetembea na mzee. Mtu akizitaja taa za kukimbizana mbele yake, alimsahihisha: "Zinapokezana hizo, ndugu yangu. Hakuna giza katikati."

Nyumbani alifanya mazoezi kwa magunzi kumi na mawili mkekani. Gunzi likisimama ni taa imewaka, likilala imezimika. Imakulata alivumilia wiki mbili, kisha akauliza, "Baba Patrick, magunzi haya ni ya kuwashia moto au ya kuwashia umeme?" Sixte alimkalisha chini akamfundisha hatua zote, naye akazijua kama anavyozijua sala. Lilikuwa jambo la busara, maana betri ya ndani ya mashine ilikuwa imechoka, na kila umeme wa Mpanda ulipokatika ilisahau kila kitu. Hatua ziliandikwa kwenye daftari la shule la Patrick.

Sixte alimwendea mama mara kwa mara. "Mama, nimezibadilisha. Njoo uone."

"Taa ni taa, mwanangu. Nitakuja mahindi yakishavunwa."

Mahindi yalivunwa mara nne.

Mwishoni mwa mwaka 1997 tumbo lilianza kumvimba na macho yakawa ya manjano. Februari mwaka huu alipanda treni kwenda Tabora, ambako madaktari walisema ini limeharibika na dawa yake haipo. Alirudi kwa treni hiyohiyo. Siku zake za mwisho hakuuliza habari za mashine wala za ukumbi. Aliuliza kama mahindi ya mama yamekauka. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Juni 1998, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Majengo, akiwa na umri wa miaka arobaini. Familia inawashukuru waliomuuguza Mpanda na Tabora, na majirani wote waliombeba.

Jana mchana mwili ulilazwa ukumbini kwa ajili ya sala. Imakulata alikaa mbele ya mashine na daftari, akaipa hatua ishirini na nne kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, huku machozi yakidondokea vitufe. Mama Vénérande alifika mlangoni na kusimama. Hakuna aliyemwita. Ndani, mwanga ulikuwa unatembea ukutani juu ya jeneza, taa moja ikiingojea nyingine. Mama alisimama hapo mpaka mzunguko ulipokwisha na kuanza tena. Kisha akavua ndala, akaingia, akakaa benchi la mbele.

"Kumbe hazikimbizani," alisema. Baadaye, kwa sauti ndogo, "Aliniambia nije. Nilidhani muda upo."

Ernestine amejaribu kuandika neno la faraja hapa, na hakulipata. Mama alichelewa na mwana hakuona, na inauma.

Marehemu ameacha mama, Bi. Vénérande, mjane, Imakulata, watoto wawili, Patrick na Scolastica, mdogo wake, Ernestine, baba mkwe, Mzee Ponsian wa Majimoto, na daftari moja ambalo mama ameomba lisizikwe, atabaki nalo yeye. Ameomba pia neno la mwisho liwe lake, na kwamba lisomwe kama alivyolisema:

Sixte wangu, mama ameziona. Pumzika. Hakuna anayekukimbiza.