Siku Bibi Yunis Alipozuia Barua

Mheshimiwa Bwana Shauri, mwakilishi wa Serikali hapa Kilosa; Mheshimiwa Kasisi Stefano; majumbe wetu; ndugu wageni waalikwa; nanyi wakazi wa nyumba hii, ambao kwa haki ningewataja kwanza: nawasalimu kwa heshima. Wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni Thadeo, msimamizi wa nyumba hii inayotunza watu kumi na wanane wenye maradhi ya akili. Tumekusanyika kumuaga Bibi Yunis, anayestaafu baada ya kuwahudumia kwa miaka kumi na minne. Nimeombwa nimsifu. Nitamsifu, lakini siwezi kumsifu bila kujisema mwenyewe, kwa hiyo mnivumilie.

Mwaka 1951, mashamba ya mkonge yalipokuwa yakichukua watu kutoka kila pembe, tuliletewa mkata mkonge mmoja kutoka Tukuyu, jina lake Lupakisyo. Alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwapo. Kwa wiki tatu alitulia. Kisha akaanza kumwaga uji na kupiga kelele, "Moto! Moto!", na asubuhi moja akamrushia mpishi bakuli. Nikaamuru afungiwe chumba cha nyuma. Katika daftari nikaandika kwamba mgonjwa anaona moto usiokuwapo. Halafu nikaandika barua kuomba ahamishiwe hospitali ya mbali, mahali ambapo dada yake, aliyeolewa Mikumi, asingekuwa na namna ya kumfuata.

Mchana ule Bibi Yunis aliingia ofisini. Sikumkaribisha kiti.

"Bwana Thadeo, naomba barua hiyo isiende leo."

"Kwa nini? Mtu amekuwa hatari."

"Umemwangalia mdomoni?"

Ndugu zangu, nilicheka. Nikamwambia, "Mama, yule ni mwendawazimu, si mgonjwa wa meno."

Akanijibu bila kupandisha sauti, "Kwani mwendawazimu hana meno?"

Nilifanya nini? Nilimfuata, kwa hasira zaidi kuliko kwa busara. Siku mbili alikuwa amekaa nje ya mlango wa chumba kile, akizungumza na Lupakisyo kupitia upenyo, akaona kwamba maji anayanywa kwa upande mmoja wa mdomo. Tulipofungua, mgonjwa alijikunyata pembeni. Bibi Yunis akaketi sakafuni mbele yake, akafumbua kinywa chake mwenyewe, akangoja. Sijui alingoja muda gani. Lupakisyo naye akafumbua. Jino la nyuma lilikuwa limeoza, ufizi umejaa usaha. Uji wetu ulikuwa ukimchoma, naye alikuwa akituambia hivyo kila siku, kwa neno la Kiswahili ambalo kila mmoja wetu analijua.

Dresa Makarius, mganga msaidizi wetu, alimng'oa jino kesho yake. Siku ya tatu Lupakisyo alimaliza uji, akauliza kama umebaki mwingine. Nikaichana barua.

Sitaki kuwadanganya kwamba jino lilimponya. Sauti zilibaki. Alikaa nasi miaka miwili, akarudi kwa dada yake Mikumi, na huko analima mahindi. Lakini mara mbili, sauti zilipomlemea, alipanda lori mwenyewe, bila kamba wala askari, akaja akabisha hodi hapa. Wageni hutuuliza huduma yetu tunaipimaje. Je, tuhesabu vitanda? Tutazame weupe wa mashuka? Mimi nafikiria mtu aliyewahi kufungiwa humu, ambaye akizidiwa huja kwa hiari yake.

Mara ya mwisho nilimfungulia mimi. Akasema, "Shikamoo, Bwana Thadeo. Bibi Yunis yupo?"

Bibi Yunis, akija tena akauliza hivyo, itabidi tumjibu kwamba hupo. Wenzangu watumishi, nawaomba kwa moyo wangu wote: jibu hilo lisimfanye ageuke na kwenda zake.

Bibi, asante. Nanyi nyote mlionitegea sikio, nawashukuru sana.