Jaji Kavindu Mulwa na Mto wa Matiliku

Ndugu waombolezaji, watumishi wa Mungu na waheshimiwa majaji mliopanda milima hii katika ukungu wa asubuhi, familia imeniomba niwasomee maisha ya mpendwa wetu, Jaji Kavindu Mulwa, aliyezaliwa tarehe 14 Aprili 1961 hapa Nunguni, kifungua mimba wa Mzee Mulwa na Mama Kalunde, akafuatwa na mdogo wake wa pekee, Mutisya.

Alianza shule ya msingi hapa nyumbani mwaka 1968, akaendelea na sekondari Matiliku, ambako walimu walizoea kumkuta amenyamaza dirishani kana kwamba anamsikiliza mtu wa mbali, lakini wakimuuliza swali anajibu sawasawa, kisha akasomea sheria Nairobi na kuhitimu mwaka 1985. Aliajiriwa kuwa hakimu Kitui mwaka 1987, na tarehe 9 Desemba 1989 akafunga ndoa kanisani Mtito Andei na Bwana Gikonyo, muuzaji wa vipuri vya malori, Mungu akawajalia Kihara na Waringa.

Mwaka 2012 aliapishwa kuwa jaji wa mazingira na ardhi, na mwaka 2017, akiwa Makueni, wakulima wa Matiliku walimletea kesi ya mto wao, ambao malori yalikuwa yameuzoa mchanga hadi mwamba ukabaki wazi na visima vikakauka. Aliwaambia mawakili wa pande zote kwamba mdogo wake ana lori la mchanga, wakaridhia aendelee, naye akaenda kuuona mto, akavua viatu, akatembea katikati yake polepole kama mtu aliye ndotoni, na baadaye akaamuru uzoaji ukomeshwe. Lori la Mutisya likasimama pamoja na mengine, na Mutisya akaacha kukanyaga kwa dada yake.

Nafasi katika Mahakama ya Juu ilipotangazwa mwaka 2021, aliomba, na jina lake likachapishwa magazetini ili kila Mkenya mwenye neno juu yake alifikishe kwa Tume ya Huduma za Mahakama, na neno likaja, nalo lilitoka kwa Mutisya. Usaili ulionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, watu wa soko hili wakaacha biashara wakajazana hotelini kumtazama, kamishna mmoja akasoma malalamiko yale na kumuuliza kama ni kweli alimfilisi ndugu yake wa tumbo moja, naye akasema, "Ni kweli, na inaniuma mpaka leo. Lakini ule mto haukuwa wangu nimgawie ndugu yangu."

Tume ilimpendekeza mtu mwingine, na Rais, ambaye kwa mujibu wa Katiba huteua yule aliyependekezwa na Tume, akamteua huyo, naye Kavindu akarudi kazini Makueni bila kinyongo. Mvua ziliporudisha mchanga kidogo kidogo, Mutisya alimpigia simu waende wakauone mto, wakachimba mchangani kwa mikono, maji yakapanda taratibu yakiwa na mawingu ndani yake, wakaketi pale mpaka jua likapoa, bila kutaja lori wala Tume, hadi Mutisya aliposema, "Dada, omba tena."

Nafasi nyingine ilipotokea mwaka 2023 aliomba tena, akasailiwa tena, na safari hii jina lililopelekwa kwa Rais lilikuwa lake, akala kiapo tarehe 6 Oktoba, Mutisya akiwa safu ya mbele amevaa suti ya kuazima, akilia bila kujificha.

Januari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani, akaendelea kusikiliza kesi hadi Juni alipolazwa, na katika siku zake za mwisho alidhani yuko Nunguni na Mutisya bado ni mtoto, akawa anamuuliza kama amekula, naye Mutisya, akiwa ameshika mkono wake, akamjibu kila mara kwamba amekula, ameshiba. Alituacha tarehe 21 Agosti 2025, akiwa usingizini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Nunguni na Mtito Andei waliotupikia na kukesha nasi, waumini wenzake, na majaji na makarani aliofanya nao kazi tangu Kitui.

Lala kwa amani, dada yetu, mama yetu, Jaji wetu. Sisi tumekula, tumeshiba.